Dawa ya Majaribio ni Bure, Je, Matibabu? Maswali na Majibu kwa Mgonjwa wa Saratani

Daktari akinialika kwenye jaribio la dawa, ina maana ameona itanifaa?

Si lazima, na hapa hata watu waliosoma sana hujikwaa. Daktari anayekutibu hupunguza au kuongeza dozi kwa kukutazama wewe. Mtafiti hufuata itifaki, yaani mpango wa utafiti, iliyoandikwa kabla hajakuona. Mwaka 1982 Paul Appelbaum, daktari wa magonjwa ya akili wa Marekani, na wenzake walieleza jinsi washiriki wa utafiti wanavyoamini kwamba kila wanachofanyiwa kimechaguliwa kwa faida yao binafsi. Kwa hiyo uliza kwanza jaribio liko awamu gani. Awamu ya kwanza hutafuta hasa kiwango cha dawa ambacho mwili unaweza kukihimili. Ya pili huangalia kama uvimbe unapungua, na ya tatu huilinganisha dawa mpya na matibabu yanayotumika sasa, wagonjwa wakigawanywa makundi kwa bahati nasibu.

Nani atahakikisha sigeuzwi panya wa maabara?

Hofu hiyo ina historia. Huko Tuskegee, Marekani, kuanzia mwaka 1932 hadi 1972, idara ya serikali ya afya ya umma iliwafuatilia mamia ya wanaume weusi wenye kaswende bila kuwaeleza ukweli, na ikawaacha bila penisilini hata ilipokwisha kujulikana kuwa inaponya. Kanuni za Nuremberg za mwaka 1947 na Azimio la Helsinki la mwaka 1964, miongozo ya maadili ya utafiti kwa binadamu, zilikuwa tayari zimeandikwa wakati utafiti huo ukiendelea, jambo linaloonyesha kwamba kanuni peke yake haimlindi mtu. Siku hizi jaribio hupitiwa na kamati ya maadili kabla halijaanza, nawe una haki ya kujitoa wakati wowote, bila kueleza sababu na bila kunyimwa matibabu yako ya kawaida.

Kama dawa inatolewa bure, gharama hutoka wapi?

Fungua fomu ya ridhaa, ile unayotia sahihi kukubali kushiriki, ruka kurasa za madhara, utafute sehemu ya malipo. Mara nyingi ni aya fupi isemayo kwamba dawa ya utafiti haitozwi, ila huduma za kawaida zitalipwa na mshiriki au bima yake. Maneno hayo "huduma za kawaida" ndiyo yanayobeba mzigo wote. Tuseme ugonjwa wako ungehitaji skani kila baada ya miezi mitatu, lakini itifaki inataka moja kila baada ya wiki nane: nani analipia zile za ziada? Kipande cha uvimbe kikikatwa mara ya pili kwa ajili ya maabara ya utafiti tu, ankara inakwenda kwa nani? Na ukilazwa kwa sababu dawa hiyo imeshusha chembe zako nyeupe za damu, je, mfadhili wa utafiti atalipa, au bima itakataa kwa hoja kwamba hiyo ni dawa ya majaribio?

Kuna pia yasiyoandikwa popote: nauli ya kwenda kutolewa damu kila wiki, malazi ikiwa kituo kiko mbali, na siku za kazi anazozipoteza yule anayekusindikiza.

Je, fedha ni suala la maadili kweli, au ni la mhasibu tu?

Ni la maadili. Mgonjwa aliyeelezwa kuhusu kichefuchefu lakini hakuelezwa kuhusu ankara ametoa ridhaa nusu. Madaktari wa saratani huizungumzia gharama kama dhara mojawapo la matibabu, kwa kuwa inaumiza kama madhara mengine: mtu huruka dozi, hugawa vidonge ili vidumu, au huacha kuhudhuria kliniki. Vilevile huharibu utafiti wenyewe, maana wakibaki wenye uwezo peke yao, matokeo yanawahusu wao kuliko wagonjwa wengine.

Baadhi ya kamati za maadili husita kuruhusu malipo kwa washiriki, zikihofia kwamba fedha zitawashawishi maskini kujiingiza kwenye hatari. Hofu hiyo ni halali kwa malipo makubwa, lakini kumrudishia mtu nauli aliyoitoa mfukoni ni kumwondolea hasara tu, na sioni ushawishi hapo.

Dawa ikinisaidia na jaribio likaisha, nitaendelea kuipata?

Toleo la mwaka 2000 la Azimio la Helsinki lilitaka washiriki wapate matibabu yaliyothibitika kuwa bora baada ya utafiti, na matoleo ya baadaye yameendelea kulishughulikia suala hilo. Kupata, hata hivyo, si sawa na kumudu. Imatinib, kidonge kilichobadili kabisa maisha ya wenye lukemia sugu ya mieloidi (aina ya saratani ya damu), kiliidhinishwa Marekani mwaka 2001. Mwaka 2013 wataalamu zaidi ya 100 wa ugonjwa huo waliandika kwa pamoja wakilalamikia bei za dawa zake. Kabla ya kutia sahihi, basi, omba uonyeshwe kwenye fomu mstari unaosema nani atatoa dawa baada ya jaribio, kwa muda gani, na kwa gharama ya nani. Kama mstari huo haupo, omba jibu la maandishi, na usitie sahihi siku hiyo.