Picha zako za mlimani: namna ya kuzifikisha kwenye kurasa za jarida

Picha nyingi za mlimani zinazokataliwa na majarida si picha mbaya. Zinakataliwa kwa sababu hazina kazi ya kufanya kwenye ukurasa. Mhariri wa picha ana makala mkononi: njia fulani ya kukwea, operesheni ya uokoaji, maisha ya kambi ya juu. Anahitaji picha moja ya kufungulia makala, nyingine ya kuonyesha mahali, nyingine ya kuonyesha watu wakihangaika na kamba. Machweo mekundu nyuma ya kilele anayapata kwenye ghala za picha wakati wowote, tena kwa bei ndogo. Asichoweza kukipata huko ni picha ya mtu aliyekuwapo kwenye mgongo ule wa mlima, siku ile, upepo ule ukivuma. Hapo ndipo mpandaji wa kawaida mwenye kamera anapomzidi mpigapicha mtaalamu aliyebaki bondeni.

Kwa hiyo safari ya picha kuelekea jaridani huanza kabla hujafika mlimani. Chukua matoleo matano au sita ya karibuni ya jarida unalolilenga uyapekue ukitazama picha tu. Je, ukurasa wa kwanza wa makala huwa na watu au mandhari? Kuna safu ya picha moja yenye maelezo mafupi? Kuna ukurasa wa mbinu, ambako picha za mikono, mafundo na nanga za kamba (sehemu za kufungia kamba kwenye mwamba au barafu) zinahitajika kila toleo? Safu hizi ndogo ndizo mlango wa mgeni. Picha safi ya nanga iliyofungwa vizuri ina nafasi kubwa zaidi ya kuchapishwa kuliko picha ya hamsini ya kilele kilekile.

Simama wapi, piga nini

Kosa linalojaza masanduku ya wahariri ni picha iliyopigwa kutoka chini: soli za viatu, makalio, na kamba inayopotea juu. Uso hauonekani, kimo hakionekani, na mwamba unaonekana mlalo kuliko ulivyo. Picha inayouzika hupigwa kutoka juu au kutoka ubavuni, mpandaji akija upande wako, mikono na uso vikionekana, na utupu wa bonde ukiwa nyuma yake.

Namna ya kufika hapo juu ni suala la usalama kwanza. Anayemlinda mwenzake kwa kamba hapigi picha, hata kama simu iko mfukoni tu, kwa sababu mkono wa breki, ule unaoizuia kamba, haubanduki kwenye kamba. Panga kikundi cha watu watatu, ili mmoja akiwa amefungwa kwenye nanga awe huru. Mkiwa wawili, piga pale mnapopumzika kwenye nanga, au kwenye mgongo mpana ambako mnatembea bila kulindana. Funga kamera kwa kamba nyembamba kwenye mwili wako. Kifuniko cha lenzi kikianguka juu ya watu walio chini yako kinaweza kuumiza, na kamera ni mbaya zaidi.

Rangi ya nguo ina uzito kuliko lenzi ghali. Koti jekundu, la chungwa au la njano huonekana hata mpandaji akiwa mdogo kama punje kwenye uso wa mlima. Nyeusi humezwa na mwamba, nyeupe humezwa na theluji. Mnapopanga safari, kubalianeni nani atavaa nini. Na ukitaka kuonyesha ukubwa wa mlima, subiri mpandaji afike penye theluji au penye mstari wa anga nyuma yake ndipo ubonyeze. Akiwa katikati ya mwamba wa kijivu, jicho la msomaji halimpati.

Usiinamishe kamera ili mteremko uonekane mkali. Wahariri wa majarida haya wengi ni wapandaji, na jambo la kwanza wanalotazama ni vitu vinavyoning'inia: kamba iliyolegea, karabina (pete ya chuma ya kuungia kamba) kwenye mkanda wa kiunoni, mshipi wa begi. Vitu hivyo hufuata mvutano wa dunia, havifuati fremu yako. Kamba inayoning'inia kwa mshazari ndani ya picha imekwisha kukusaliti, na jina lako litakumbukwa kwa hilo.

Jicho hilohilo hukagua usalama. Kofia ngumu iliyoning'inizwa kwenye begi badala ya kichwani, karabina isiyofungwa skrubu, bizimu ya mkanda ambayo ncha ya mshipi haikurudishwa ndani yake, kramponi (meno ya chuma ya viatuni) zinazokanyaga kamba: kasoro moja kati ya hizi inatosha kuiondoa picha nzuri mno, kwa sababu wasomaji wataandika kulalamika na wanaoanza wataiga. Kabla ya kutuma, kuza kila picha hadi asilimia 100 ukague vifaa vya kila mtu anayeonekana.

Picha za kileleni zinahitaji fikra. Watu wamesimama wameinua mikono. Hiyo ni ya albamu ya nyumbani. Edmund Hillary alipofika kilele cha Everest na Tenzing Norgay mwaka 1953, alimpiga Tenzing akiwa ameinua shoka la barafu lenye bendera, kisha akapiga pande za mlima zilizoshuka chini yao ili pasiwe na ubishi kwamba walifika. Fanya kama yeye: baada ya picha ya watu, zunguka upige pande zote. Picha hizo zinathibitisha madai, na mara nyingi ndizo zinazoonyesha njia ambazo mpandaji mwingine anaulizia.

Wima, mlalo, na nafasi tupu

Kila tukio muhimu lipige mara mbili, kwa wima na kwa mlalo. Ukurasa wa jarida ni wima, na jalada ni wima daima. Jalada lina masharti yake: sehemu ya juu iwe tulivu, anga au theluji ya rangi moja, kwa sababu hapo litakaa jina la jarida, na upande mmoja uwe na nafasi ya vichwa vya makala. Ukimjaza mpandaji hadi kichwa chake kiguse ukingo wa juu, picha haiwezi kuwa jalada hata ingekuwa bora kuliko zote. Kwa kurasa mbili zinazotazamana, usiweke uso katikati kabisa. Mshono wa jarida utaumeza.

Theluji hudanganya kamera. Kipimo cha mwanga hudhani kila kitu ni kijivu cha wastani, hivyo theluji hutoka chafu na nyuso hutoka nyeusi. Ongeza mwangaza kati ya stopu +1 na +2 (stopu ni hatua za kipimo cha mwangaza kwenye kamera), kisha tazama histogramu, grafu ya mwangaza wa picha: mlima wa grafu usigonge ukuta wa kulia, maana theluji iliyoungua haina tena mistari na mtambo wa kuchapa hauwezi kuirudisha. Kwenye mwanga wa namna hii ni lazima kupiga faili ghafi za RAW, yaani picha kabla kamera haijaichakata. JPEG peke yake haikuachii nafasi ya kusahihisha. Betri ziweke kwenye mfuko wa ndani karibu na mwili, kwani baridi huzipunguzia nguvu. Na kabla ya kuingia na kamera kwenye hema lenye joto, ifunge ndani ya mfuko wa plastiki usiopitisha hewa hadi ipate joto taratibu. Ukiitoa ghafla, mvuke utaganda juu ya lenzi na hata ndani yake.

Hesabu ya pikseli

Uchapaji mzuri wa jarida huhitaji pikseli 300 kwa kila inchi, katika ukubwa halisi ambao picha itachapishwa. Ukurasa mzima wa A4 ni milimita 210 kwa 297. Ongeza milimita 3 kila upande kwa ajili ya kukatwa, na unahitaji takriban pikseli 2,550 kwa 3,580. Kurasa mbili kamili zinahitaji karibu 5,030 kwa 3,580, yaani megapikseli 18.

Simu ya megapikseli 12 hutoa pikseli 4,032 kwa 3,024. Hiyo inatosha ukurasa mmoja, haitoshi kurasa mbili. Kwa hiyo si kweli kwamba simu haifai. Kinachoiharibu ni kuvuta kwa kidijitali, ambako simu hukata kipande cha katikati na kukipanua. Sogea karibu, au kubali mpandaji abaki mdogo. Kamera ya megapikseli 24 ukikata picha nusu ya upana na nusu ya urefu, unabaki na 3,000 kwa 2,000, sawa na sentimita 25 kwa 17: nusu ukurasa.

Usitume picha za kuchapwa kwa WhatsApp kama picha za kawaida, kwani huzibana na kuzipunguza. Pakia faili kamili kwenye hifadhi ya mtandaoni na utume kiungo kisichoisha muda baada ya siku chache. Hifadhi kama JPEG ya ubora wa juu kabisa au TIFF (aina ya faili isiyopunguza ubora), ikiwa na profaili ya rangi (maelezo ya namna rangi zake zinavyosomwa) ndani yake. Usibadilishe mwenyewe kwenda CMYK, mfumo wa rangi za wino wa kuchapia; jarida hufanya hivyo kulingana na karatasi na mtambo wake. Usizidishe ukali wa picha. Punguza mwanga wa skrini yako unapohariri, maana skrini inayong'aa hukufanya uache vivuli vizito ambavyo kwenye karatasi vitakuwa madoa meusi.

Kurekebisha mwangaza, rangi na kufuta madoa ya vumbi la kihisi (sehemu ya kamera inayopokea mwanga) kunakubalika. Kufuta kamba, kuongeza mawingu au kujaza kwa akili unde hakukubaliki kwa picha inayodai kuonyesha tukio. Tunza faili ghafi, kwa sababu mhariri mwenye shaka ataiomba.

Maelezo ya picha

Naamini hapa ndipo picha nyingi za wasio wataalamu hufia. "Rafiki yangu karibu na kilele" haimsaidii mtu. Maelezo yanayofanya kazi yana jina kamili la mtu na anachofanya, mahali hasa, njia, kimo, nchi na tarehe. Kwa mfano, kwa Matterhorn: jina, "akipanda juu kidogo ya kibanda cha Solvay (mita 4,003), mgongo wa Hörnli, Matterhorn, Uswisi", kisha tarehe na saa. Yaandike ndani ya faili yenyewe, kwenye sehemu za IPTC (nafasi za maandishi zilizofichwa ndani ya faili ya picha) za maelezo, mpigapicha na hakimiliki, ili yasipotee faili inapohama mikono. Jina la faili nalo libebe jina lako, mlima na namba.

Waongozaji na wapagazi watajwe kwa majina yao kamili kama wengine. Kuandika "mpagazi" pembeni ya jina kamili la mteja ni dharau, na majarida makini sasa huuliza.

Kama mmepita njia mpya, piga uso mzima wa mlima kutoka mbali, mwanga ukiwa wa pembeni ili nyufa na migongo ionekane. Tuma nakala mbili: moja safi, nyingine yenye mstari wa njia na alama za kambi. Picha za namna hii si za kupendeza sana lakini thamani yake hudumu. Mpandaji na mpigapicha Mmarekani Bradford Washburn alipiga Denali, mlima wa Alaska, kutoka angani kwa miaka mingi, na ujuzi huo wa umbo la mlima ndio uliomfikisha kwenye njia ya West Buttress mwaka 1951, ambayo leo ndiyo inayotumiwa na wapandaji wengi wa mlima huo. Majarida ya mwaka ya vyama vya wapanda milima, kama American Alpine Journal, hupokea ripoti na picha za njia mpya kutoka kwa wapandaji wenyewe. Usitegemee malipo makubwa huko, ila ni mahali pazuri pa kuanzia.

Kutuma na kukubaliana

Fuata mwongozo wa jarida kwanza. Kama haupo, barua pepe fupi inatosha: sentensi mbili au tatu kuhusu safari, kilicho kipya ndani yake, na picha 10 hadi 20 ndogo zenye upande mrefu wa pikseli 1,500 hivi. Chagua kwa ukatili. Picha sita za tukio moja humfanya mhariri akuchagulie ile dhaifu. Mgeni mwenye maandishi ya maneno 800 hadi 1,200 pamoja na picha ana nguvu kuliko mwenye picha pekee, kwa kuwa anampa mhariri kurasa kamili.

Jarida huandaliwa miezi kadhaa mbele. Picha za barafu na baridi zipelekwe kiangazi cha nchi lilipo jarida. Usipojibiwa baada ya wiki tatu au nne, uliza mara moja, kisha peleka kwingine. Usipeleke seti ileile kwa majarida mawili yanayoshindana kwa wakati mmoja bila kuyaambia, na kama picha tayari iko kwenye mitandao ya kijamii, sema mapema.

Unachouza ni ruhusa ya kutumia. Picha inabaki yako. Ruhusa nzuri hutaja matumizi mara moja, toleo gani, karatasi na mtandao au kimojawapo, na muda wa upekee, yaani muda ambao huruhusiwi kuipa jarida jingine picha hiyo. Maneno "haki zote" au "kwa matumizi yoyote milele" yaombe yafutwe. Soma hivyohivyo masharti ya mashindano ya picha, ambayo mara nyingine huchukua haki nyingi kuliko zawadi inayotolewa. Waliomo kwenye picha waulize kwa ujumbe wa maandishi. Kwa makala ya habari mara nyingi hiyo inatosha, lakini tangazo la biashara huhitaji idhini iliyosainiwa. Picha ya aliyeumia au kufariki haitoki kabla familia haijajua na kuridhia. Na picha za droni zithibitishe kwamba ziliruhusiwa: hifadhi za taifa za Marekani, kwa mfano, zimepiga marufuku kurusha droni tangu 2014.

Malipo mengi hufuata ukubwa wa picha kwenye ukurasa na hutolewa baada ya kuchapishwa. Toleo likitoka, hakiki jina lako, tuma ankara yenye namba ya toleo na ukurasa, na uandike tarehe ambayo muda wa upekee unaisha. Kuanzia siku hiyo unaweza kuipeleka picha hiyohiyo kwa jarida la nchi au lugha nyingine.