Je, wajua kwa nini ni "Did you go?" na si "Did you went?"

Fungua madaftari ya Kiingereza ya kidato cha pili popote kati ya Mafinga na Kyela, hutakosa kalamu nyekundu iliyopita juu ya "Did you went?" au "She didn't came." Ukiuliza sababu, jibu la haraka ni kwamba lugha ya nyumbani ndiyo inayomponza mtoto: Kinyakyusa, Kihehe, Kikinga, au Kiswahili chenyewe.

Jibu hilo linawaonea watu. Watoto wadogo wa Uingereza na Marekani, wasiojua lugha nyingine yoyote, nao husema "Did you came?" na "I didn't broke it." Si kila mara, lakini wataalamu wanaofuatilia jinsi mtoto anavyojifunza kusema wameyanukuu makosa hayo kwa miongo kadhaa. Wanafunzi wa Kiingereza kutoka China na Hispania nao huandika hivyo hivyo. Kosa linalofanywa na watu wa lugha zisizo na undugu wowote na Kinyakyusa wala Kiswahili haliwezi kuwa limeanzia Tukuyu.

Tuseme ukweli, Kiswahili nacho kina mchango wake. Sisi husema "walikuwa wamefika": vitenzi viwili, na kila kimoja kimebeba nafsi yake na alama yake ya wakati. Aliyezoea hilo anaweza kuona "did" na "went" wakikaa pamoja bila ugomvi. Huenda mazoea hayo yanaongeza uzito wa kosa, lakini hayakulizaa.

Chanzo kimo ndani ya Kiingereza. Chukua "You went." Wakati uliopita umejificha ndani ya "went" na huuoni ukiwa peke yake. Sasa mtu akubishie kwamba hukwenda, nawe usisitize: ghafla inakuwa "I did go!" Wakati umetoka mafichoni ukahamia kwenye "did", na kitenzi kimerudi kwenye umbo lake la asili. Kwa hiyo "went" ni "go" iliyobeba wakati.

Fikiria mkulima wa viazi pale Uyole, ana gunia moja na mteja yuko ng'ambo ya barabara ya TANZAM. Gunia ni wakati. Kuuliza swali ni kulivusha barabara, yaani kulipeleka mbele ya mtenda. Vitenzi kama "was", "can", "will" na "have" kisaidizi vina nguvu ya kuvuka na gunia lao: "Was he sick?", "Can you swim?" Vitenzi vya kawaida havivuki. Inabidi aitwe kijana wa mkokoteni, naye ni "did". Analipokea gunia, anavuka, na mkulima anabaki upande wake mikono mitupu: "Did you go?" Anayesema "Did you went?" amelihesabu gunia moja mara mbili. Wakati uliopo nao hufuata njia hiyo: ile "s" ya "She likes" inahamia kwenye "does", ndiyo maana "Does she likes?" haikubaliki.

Uthibitisho mzuri kuliko yote ni "Who came?" Hapa anayeulizwa ndiye mtenda, naye tayari yuko mbele. Hakuna barabara ya kuvuka, kijana haitwi, na "came" inabaki na gunia lake. Linganisha na "Who did you see?"

Ajabu ni kwamba Kiingereza hakikuwa hivi tangu mwanzo. Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 ina "lovest thou me?" (leo tungesema "do you love me?"), kitenzi cha kawaida kikivuka chenyewe bila msaada wa mtu. Shakespeare, aliyefariki 1616, alitumia mitindo yote miwili. Kijerumani, lugha ya wamisionari Wamoraviani waliofika Rungwe mwaka 1891, mpaka leo huuliza "Kommst du?" ("Unakuja?") na hakina habari na mkokoteni. Kwa nini vitenzi vya Kiingereza viliacha kuvuka ni jambo ambalo wanahistoria wa lugha bado wanavutana: wapo wanaoona mkono wa Kiwelshi na Kikornishi, lugha jirani, na wapo wanaolikataa hilo.

Kwa anayefanya mazoezi, njia salama ni kupitia kituo cha katikati. Usiruke kutoka "She bought maize" moja kwa moja hadi kwenye swali. Pita kwanza kwenye msisitizo, "She did buy maize", kisha badilishana nafasi: "Did she buy maize?" Ukanushi nao uko hapo hapo: "She did not buy maize." Jaribu hivyo na "He taught us", "They ate ugali" na "The bus left early." Halafu jaribu "Who taught us?", uone kama mkono wako utaandika "did" kwa mazoea.