Pitta: moto wa tumboni unaopanda kichwani

Saa saba mchana, nje ya soko la Nakasero jijini Kampala, dereva wa bodaboda alinipandishia sauti kwa ajili ya chenji ya shilingi 500. Ungedhani nimemwibia ng'ombe. Mzee mmoja wa Kihindi anayeuza viungo pale jirani alichungulia kutoka dukani akamuuliza, "Kijana, umekula?" Dereva akanyamaza kidogo. "Chai tu, mzee. Ya asubuhi." Mzee akanigeukia: "Wewe usibishane naye. Pitta imempanda."

Pitta ni neno la Kisanskriti, na kwao ni Ayurveda, tiba ya jadi ya Bara Hindi. Ukilitafsiri haraka utasema "nyongo", na hutakuwa umekosea, ila utakuwa umeshika kipande tu. Ayurveda inafundisha kwamba mwili unaendeshwa na nguvu tatu. Vata ina tabia ya upepo, inasukuma kila kinachotembea mwilini. Kafa ni nzito na baridi, jamaa wa belghamu, inashikamanisha. Pitta ni moto uliochanganyika na maji, na kazi yake ni kupika. Inapika chakula tumboni, inatoa joto la mwili, rangi ya ngozi na nuru ya macho. Ipo pia pitta inayokaa moyoni, huitwa sadhaka, na hiyo inapika yale tunayoyaona na kuyasikia mpaka yawe maana. Ikiwa sawa, mtu ana ujasiri, bidii na akili ya kukata mambo. Ikizidi, kinachokatwa ni watu.

Kwa hiyo pitta si hasira. Kila mtu anayo, na bila hiyo hata matoke yasingesagika tumboni. Hasira ni mvuke unaotoka chungu kikiachwa motoni muda mrefu.

Kinachoupandisha moto huo, wanasema, kwanza ni ladha. Ayurveda inahesabu ladha sita: tamu, chachu, chumvi, kali, chungu na ile ya ukakasi, kama ndizi mbichi inavyoukaza ulimi. Chachu, chumvi na kali huongeza pitta. Tamu, chungu na ukakasi huipoza. Mimi hapa Kiswahili kinanifurahisha, maana sisi tunasema pilipili kali na bosi mkali kwa neno moja, kana kwamba tulishakaa na waganga hao tukakubaliana. Lakini kwenye uchungu tunaachana. Kwetu mwenye uchungu ni mtu wa kuogopwa. Kwao kitu kichungu ndicho kinachomtuliza. Sahani ya nakati au ntula, mboga zetu chungu, ambayo watoto wa Kampala huisukuma pembeni, kwa hesabu hiyo ni dawa ya mkali wa nyumba.

Chakula cha kupoza, kwa hiyo, ni maziwa, samli (wafugaji wa Ankole hawahitaji kufundishwa hapa), tango, nazi na maji yake, matunda matamu yaliyoiva, na katika viungo giligilani na shamari. Wengi hulowesha kijiko cha mbegu za giligilani usiku, huchuja asubuhi na kunywa maji yake. Vya kula kwa uchache ni pilipili, siki, vya kukaangwa, na pombe, waragi ikitangulia. Kuna kimoja kilichonishangaza: maziwa ya mgando. Sisi tunakunywa bongo, ndio mgando wetu, ikiwa baridi mchana tukiamini tunajipoza. Vitabu vya Ayurveda vinasema mgando ni mchachu na wa moto, hata ukitoka kwenye friji. Ubaridi wa mkono na ubaridi wa tumbo, kwao, ni mambo mawili.

Cha pili ni saa. Pitta inatawala tangu saa nne asubuhi hadi saa nane mchana, jua likiwa utosini, na tena saa nne usiku hadi saa nane. Ndiyo maana mlo mkubwa wa siku unatakiwa uwe wa mchana, wakati moto upo na unahitaji kitu cha kupika. Usipoupa chakula, unapika mwenye nyumba. Usiku nako inafaa uwe umelala kabla haujawaka tena. Anayekesha hadi saa sita akijibu ujumbe wa simu, majibu yake huwa na makali ambayo asubuhi anayajutia.

Majira nayo yana hesabu, ingawa kalenda ile ni ya India. Wanasema pitta hujikusanya wakati wa mvua na kulipuka jua la baada ya mvua linapotoka. Kampala ina misimu miwili ya mvua, Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba, kwa hiyo anayetaka kufuata kanuni hii ajihadhari mara mbili kwa mwaka.

Lakini lililo na uzito zaidi kwangu limo katika Charaka Samhita, kitabu kikongwe cha tiba hiyo. Kinataja misukumo 13 ya mwili ambayo mtu hapaswi kuizuia: mkojo, njaa, kiu, usingizi, machozi, miayo na mingineyo. Kisha kinataja misukumo ya kuzuiwa, na hasira imo, pamoja na tamaa, woga na huzuni. Sasa mtazame dereva wa boda siku nzima. Mkojo anaubana kwa sababu choo ni cha kulipia. Njaa anaibana kwa sababu ya abiria. Kiu na usingizi vivyo hivyo. Kinachoachiwa huru ni hasira peke yake. Kanuni yote ameigeuza juu chini, na mji mzima tunamwiga.

Yapo na ya mwilini: kuoga maji ya uvuguvugu badala ya moto, kupaka mafuta ya nazi utosini na kwenye nyayo kabla ya kulala, kutembea jioni jua likishazama. Yupo pia anayepumua kwa ulimi: unaukunja kama mrija, unavuta hewa polepole kupitia humo, unafunga mdomo, unatoa kwa pua. Wengine ndimi zao hazikunjiki. Hao huvuta hewa kati ya meno.

Haya ni mapokeo, na mizani ya pitta haipimwi maabara. Ninayachukulia kama njia ya kujichunguza. Mtu anayepiga watu wa nyumbani kwake anahitaji msaada mwingine, si maji ya giligilani. Na vidonge vya Ayurveda visivyo na maelezo viache dukani, maana baadhi vimekutwa na metali za sumu, risasi na zebaki.

Dawa za jikoni ni jambo jingine, na mzee wa Nakasero huzipima kwa kijiko cha chai. Maduka ya aina yake yalifungwa Wahindi walipofukuzwa na Idi Amin mwaka 1972, wakipewa siku 90; waliorudi baadaye walirudi na mizani zao. Siku ile alimfungia dereva shamari kidogo bure, atafune. Dereva akashukuru, akaitia mfukoni, akavuka barabara hadi kwa muuza rolex, chapati iliyoviringishiwa mayai.

"Mayai mawili," nikamsikia. "Na pilipili usiionee huruma."