Nywele ndo zinakuumbua: navyokata picha za kipaimara

Msimu wa kipaimara ukifika hapa Moshi sina kazi nyingine, ni bango juu ya bango, mtoto katikati, Kibo nyuma yake, jina kwa rangi ya dhahabu. Afu picha zenyewe zimepigwa na simu, mtoto kavaa gauni jeupe kasimamishwa mbele ya turubai jeupe, au yuko kwenye migomba nyuma ya nyumba, na bango linatakiwa kesho asubuhi.

Vijana wananiuliza sana natumia tulu gani ya Photoshop, ile programu ya kuhariri picha, kutoa bekigraundi, yaani kumkata mtu aachane na kilicho nyuma yake. Hakuna moja. Mtu mmoja ana kingo za aina tatu: bega ni mstari msafi, nywele ni kama moshi, shela unaona hadi upande wa pili. Ukilazimisha tulu moja ikate vyote ndo wanatokea wale watu kama wamekatwa na mkasi butu.

Bega, mikono na viatu nakata kwa peni, tulu ya kuchora mstari kuzunguka kitu. Wengi wanaikimbia lakini ukibonyeza tu inaenda mstari, ukibonyeza ukavuta inapinda, basi. Weka pointi chache na upite ndani ya ukingo kidogo, pikseli moja hivi, usije ukabeba rangi ya turubai. Gauni jeupe kwenye turubai jeupe usihangaike na ile fimbo ya uchawi (Magic Wand), yenyewe inaangalia rangi zinazofanana tu, kwenye Photoshop inaanza na kiwango cha 32 cha kuvumilia tofauti ya rangi, ukiigusa pale inameza gauni na turubai kwa pamoja. Jicho lako ndo linajua gauni limeishia wapi.

Sasa nywele. Fungua chaneli, yaani zile rangi tatu zinazounda picha, utakuta nyekundu, kijani na bluu, kila moja ni picha ya nyeusi na nyeupe yenye ngazi 0 mpaka 255. Tafuta ile ambayo nywele na nyuma yake vimeachana zaidi. Nyuma kukiwa na anga mara nyingi ni bluu, kwenye migomba mimi naenda kwenye kijani maana majani yanang'aa humo na nywele zinabaki giza. Ikopi hiyo chaneli (usichezee yenyewe, utaharibu rangi za picha nzima!), bonyeza Ctrl+L (Levels) uvute giza liwe giza zaidi na mwanga uzidi, kisha Ctrl+I kugeuza ili nywele ziwe nyeupe, uso upake nyeupe kwa brashi. Shika Ctrl ubonyeze kile kipicha cha chaneli, nywele zote zimechaguliwa, hadi zile za pembeni ambazo kwa mkono ungemaliza kucha nzima.

Na usifute, weka maski, yaani kifuniko kinachoficha sehemu ya picha bila kuifuta. Zamani nilikuwa nafuta na raba, nikaseivu nikafunga, asubuhi mama wa mtoto akaja, "Baba, mbona mwanangu hana kiwiko?" Kiwiko kilishaenda na migomba, nikaanza upya. Kwenye maski nyeupe inaonyesha, nyeusi inaficha, kijivu inaonyesha nusu, na hiyo kijivu ndo dawa ya shela: unapitisha brashi ya kijivu juu yake mpaka mlima uonekane kwa mbali ndani ya kitambaa.

Ile batani ya kumchagua mtu kwa mpigo mmoja, Photoshop wameileta 2018, naitumia kuanzia tu, kwenye nywele za kusuka inanichosha. Kama huna hela ya Photoshop, GIMP ni bure na Photopea inafunguka kwenye brauza, chaneli na maski zote zipo.

Ukiona nywele zimebaki na ukijani wa majani, weka leya (tabaka) mpya juu, ibane kwa ya mtoto (Clipping Mask) rangi isitoke nje yake, modi iweke ya rangi (Color), chukua rangi kwenye nywele zenyewe upake pale pembeni taratibu. Ukijani unaondoka, nywele zinabaki.