Nakala Mbili za Aina Moja Zinavyotuponza katika TypeScript

Namba ya simu inayoanza na sifuri haifai kuhifadhiwa kama namba ya hesabu, maana ile sifuri ya mwanzo hupotea. Mwanaprogramu akiligundua hilo, hufungua faili la seva lenye aina ya Mteja (yaani maelezo ya sehemu za data ya mteja), akabadilisha `simu: number` (namba) kuwa `simu: string` (maandishi), kompaila, programu inayokagua na kutafsiri msimbo, ikanyamaza, naye akaendelea na kazi nyingine. Kumbe kwenye faili la fomu kuna nakala ya aina hiyohiyo ya Mteja, iliyobandikwa miezi kadhaa nyuma, na humo simu bado ni `number`. Fomu inaendelea kumeza sifuri za watu.

Kompaila haikumficha kitu. TypeScript, lugha ya JavaScript iliyoongezewa aina, ambayo Microsoft iliitoa mwaka 2012, hulinganisha aina kwa umbo, wala haijali majina. Nakala mbili zenye umbo moja hupokelewa kama kitu kimoja, ndiyo maana kunakili hakuumi siku ya kwanza. Zikishaachana, kosa huonekana pale tu zinapokutana ndani ya msimbo. Fomu na seva hukutana kwa JSON, yaani maandishi ya kubebea data, na wakati huo aina zote zimeshafutwa. Kinachoendeshwa ni JavaScript tupu.

Andika Mteja mara moja, katika faili linalotumiwa na pande zote mbili, kisha aina nyingine zizaliwe humo. Fomu ya usajili haina id (kitambulishi cha mteja kwenye mfumo) bado, kwa hiyo ni Mteja aliyeondolewa id, `Omit<Mteja, "id">`. Ya kusahihisha taarifa, ambako mtu hugusa sehemu moja tu akipenda, ni Mteja ambaye kila sehemu yake ni ya hiari, `Partial<Mteja>`. Simu ikibadilika mahali pamoja, kila mstari uliobaki nyuma utatiwa wekundu.

Ila taarifa zinazotoka kwenda kwa umma nawasihi msizijenge kwa `Omit`. Ukiondoa nywila leo, kesho mwenzako ataongeza namba ya kitambulisho kwenye Mteja, nayo itaingia kwenye vinavyoruhusiwa kutoka bila yeyote kuamua hivyo. Tumia `Pick<Mteja, "jina" | "mji">`, utaje unachoruhusu. Na kwa kuwa aina haichuji data programu inapoendeshwa, msimbo wenyewe nao utume sehemu hizo mbili tu.

Lakini msiunganishe kila kinachofanana. Mteja na Msambazaji, hata kama leo wote wana jina na simu tu, waachwe kila mmoja na aina yake. Msambazaji atakuja kuhitaji namba ya mlipakodi, mteja hataihitaji.