Milimita za lenzi: 24, 50 au 200 maana yake nini?

Toka na kioo cha kukuzia juani, kishike juu ya karatasi, ukisogeze polepole hadi duara la mwanga libaki kitone kidogo kikali. (Usilitazame jua kupitia kioo hicho hata mara moja.) Pima kwa rula kutoka kioo hadi karatasi: huo ndio urefu wa fokasi. Miale itokayo mbali sana hufika ikiwa sambamba, kioo kikaipinda ikutane hapo.

Lenzi ya kamera hufanya kazi ileile, ila ina vioo kadhaa vinavyorekebishana kasoro, na mahali pa karatasi pana sensa, yaani kipande kinachopokea mwanga na kuunda picha. Kwa hiyo 50 iliyoandikwa kwenye lenzi ni urefu wa fokasi kwa milimita, si urefu wa kifaa chenyewe.

Namba ikiwa ndogo, eneo pana huingia kwenye picha. Kwa sensa ya milimita 36 kwa 24, lenzi ya 24 huona takriban nyuzi 84 kutoka kona hadi kona, ya 50 nyuzi 47, ya 200 nyuzi 12 tu. Sensa ndogo hukata kingo, ndiyo maana kwenye kamera nyingi za bei nafuu 50 huona kama 75. Na "24" ya simu ni ulinganisho na sensa ile ya milimita 36 kwa 24. Lenzi yake halisi ina milimita chache.

Wengi huamini lenzi ndefu (yenye namba kubwa) huuvuta mlima karibu na tembo, kama zile picha za Amboseli ambamo Kilimanjaro umejaa nyuma ya kundi. Sivyo. Siri ni mahali aliposimama mpiga picha. Akiwa garini mita 10 kutoka kwa tembo, na lenzi ya 24, tembo ni mkubwa na mlima ni kijilima. Akirudi nyuma hadi mita 100, tembo hupungua mara kumi. Mlima, ulioko makumi ya kilomita, haupungui kwa kiasi cha kuonekana. Sasa aweke ya 200: tembo anakaribia ukubwa wake wa mwanzo, na mlima umekua zaidi ya mara nane.

Pua kubwa kwenye selfi hutokana na hilohilo: simu iko karibu mno na uso. Ukitaka picha nzuri ya mtu, rudi nyuma hatua kadhaa kwanza, ndipo uchague lenzi, kwa mfano ya 85, ya kujaza fremu.