Siku 30 za kwenye boksi si usiku 30 wa kulala nazo

Juma lililopita kijana mmoja, ambaye alikuwa ameshuka muda huo huo kwenye basi la usiku kutoka Dar es Salaam, aliingia chumbani kwangu hapa Mbeya akiwa amefunika jicho la kulia kwa leso. Kabla sijamuuliza lolote alitoa kwenye koti boksi la lenzi za kuvaa machoni na kusema, "Daktari, zimeandikwa siku 30, na leo ni ya 11 tu." Mimi ni mtaalamu wa optometria, yaani upimaji wa macho, si daktari, na kosa hilo nilishaacha kulisahihisha. Hili la siku 30 sitaliacha.

Katika maboksi mengi, 30 ni umri wa lenzi. Unaivaa asubuhi, unaivua jioni, unaisugua na kuiloweka katika dawa yake, na mwezi ukiisha tangu ulipoifungua unaitupa, hata kama uliivaa mara nne. Lenzi za kulala nazo ni jamii nyingine, ambayo imeidhinishwa kuvaliwa mfululizo, nyingi kwa usiku 6 na chache hadi usiku 30. Za kijana huyu zilikuwa za mchana.

Konea, ile sehemu angavu ya mbele ya jicho, haina mishipa ya damu, hivyo huchukua oksijeni hewani kupitia machozi. Ukifumba macho, hutegemea mishipa ya upande wa ndani wa kope, ambayo huipa takriban theluthi tu ya ilichokuwa ikipata. Ndiyo maana konea huvimba kidogo usingizini hata bila lenzi. Marekani iliruhusu lenzi laini zivaliwe siku 30 mfululizo mwaka 1981, vidonda vya konea vikawa tatizo, na mwaka 1989 muda huo ukashushwa hadi siku 7. Ilipofika 1999 zikaingia sokoni lenzi za silikoni-haidrojeli, zinazopitisha oksijeni mara kadhaa zaidi ya zile za awali za haidrojeli tupu, yaani plastiki laini inayonyonya maji, na mwaka 2001 Marekani ikarejesha usiku 30 kwa baadhi yake.

Hapa ndipo wauzaji wengi hukomesha hadithi, nami hapa ndipo huanza kukasirika. Wengi wetu tulifundishwa kwamba adui ni ukosefu wa oksijeni, kwa hiyo tulitarajia silikoni ipunguze vidonda. Haikupunguza. Utafiti wa Australia uliochapishwa mwaka 2008 ulikuta kwamba, kati ya kila wavaaji 10,000 kwa mwaka, maambukizi ya konea yaliwapata takriban 2 wa lenzi laini za kawaida za mchana, karibu 20 waliolala na haidrojeli ya zamani, na karibu 25 waliolala na silikoni. Hizo mbili za mwisho zinakaribiana kiasi kwamba sithubutu kusema ipi ni mbaya kuliko nyenzake. Silikoni ilituondolea uvimbe na mishipa midogo iliyokuwa ikiotea kwenye konea, na hilo si jambo dogo, lakini kidonda kilibaki palepale. Maelezo ninayowapa wateja ni kwamba kope lisipopepesa machozi hutuama nyuma ya lenzi, na bakteria kama Pseudomonas hupata muda wa kujishikiza. Huyasema kwa sauti ya uhakika kuliko uhakika nilio nao.

Nina shaka nyingine ya kienyeji. Mbeya iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hewa yetu ina oksijeni pungufu kwa karibu moja ya tano kuliko ya pwani. Kwa sababu hiyo sivuki usiku 6, hata boksi likiniruhusu.

Faida zipo, na siwezi kuzikana. Dereva wa lori anayelala kwenye foleni ya Tunduma akiwa na grisi vidoleni pengine ataliumiza jicho zaidi kwa kuchokonoa lenzi kila jioni kuliko kwa kuiacha. Mtoto mchanga aliyeondolewa mtoto wa jicho anaweza kuvalishwa lenzi ya kulala nayo, kwa sababu mama hawezi kupigana naye asubuhi na jioni. Konea iliyochubuka nayo wakati mwingine hufunikwa kwa lenzi hiyo kama bandeji, chini ya uangalizi wa karibu.

Nilimwekea kijana fluoresini, rangi ya kuonyesha palipochubuka, na kuwasha mwanga wa buluu. Pembeni mwa konea palikuwa na doa jeupe lenye ukubwa wa punje ya ulezi, na juu yake rangi ya kijani iling'aa. Nikamuuliza kama lenzi iligusa maji.

"Niliisuuza kidogo tu bombani, tuliposimama Mikumi."

Kwa hiyo mbali na bakteria kulikuwa na amiba, kijidudu wa kwenye maji, wa kuwaziwa. Nilimwandikia barua ya kwenda kwa daktari bingwa wa macho siku hiyo hiyo, nikamwambia asinunue matone yenye steroidi njiani, na abebe lenzi pamoja na kikasha chake ili maabara ivipime. Akiwa mlangoni aliuliza kama akipona atavaa tena.

"Mchana," nikamjibu. "Ukipanda basi la usiku, vaa miwani."

"Miwani hainipendezi, Daktari."

Nikamfungulia mlango.